Lambo si kisima

Wiki iliyopita nimepigiwa simu kutoka Kwimba. "Fundi, michango imetimia. Tuletee ekskaveta lambo letu lililojaa tope lichimbwe futi ishirini, tusikose maji tena." Ombi hili nimelisikia mpaka nimechoka. Ndugu zangu, kisima unachimba kuyafuata maji chini. Lambo linayashika maji yaliyotoka juu, na kinachoyashika ni sakafu ya udongo wa mfinyanzi. Mfinyanzi huo una mwisho wake.

Chimbeni shimo la majaribio katikati ya lambo kavu muone. Kwanza linatoka tope la kijivu, lina mizizi na maganda ya konokono, likikauka linapukutika. Hilo liondoeni lote. Chini yake mtakuta udongo mweusi wa mbuga, unaong'ang'ania jembe. Chukua donge, lilowanishe, liviringishe kiganjani. Likitoa uzi mwembamba usiokatika, umefika kwenye sakafu. Ukiipita hiyo utakutana na kichanga chenye chenga zinazometameta, maana huku Usukumani tumekalia miamba ya matale, yaani graniti. Hapo umeshatoboa ndoo.

Najua kwa sababu nilishatoboa lambo moja, upande wa Misungwi. Mwenye fedha alitaka kina, nami sikumbishia vya kutosha. Masika yakalijaza hadi karibu na ukingo wa tuta, kina mama wakapiga vigelegele. Wiki ya tatu ng'ombe walikuwa wanalamba tope. Kuliziba kulitula kiangazi kizima: tulisomba mfinyanzi kwa mikokoteni, tukaumwaga kwa matabaka ya sentimita 15, tukaunyunyizia maji, kisha tukaswaga ng'ombe juu yake asubuhi na jioni. Mfinyanzi unataka kukandwa, na kwato zinakanda vizuri.

Hoja ya kina ina ukweli wake, siikatai. Jua la kwetu linanyonya zaidi ya mita moja na nusu ya maji kwa mwaka, kwa hiyo lambo la kufika kiunoni halivuki kiangazi. Basi chimbeni pale mfinyanzi ulipo mnene, na muache tabaka la kutosha chini.

Tope nalo halikushuka mbinguni. Limetoka mashambani na kwenye njia za mifugo huko juu. Pandeni majani kwenye mkondo, wekeni shimo la kunasia tope kabla ya mlango wa lambo, rekebisheni njia ya maji ya ziada kabla tuta halijakatika.

Kinachoninyima usingizi ni kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vyake hujificha kwenye tope kiangazi na kuamka na mvua, hivyo tukilifufua lambo tunawafufua nao. Birika la ng'ombe nje ya uzio linasaidia, na bomba la kuchotea maji pia. Lakini mtoto anayetaka kuogelea hazuiwi na ua wa minyaa, na kwa hilo sijapata dawa ninayoiamini.

Kwimba nimewajibu: nakuja Jumamosi na jembe. Ekskaveta isubiri.