Kingamwili IgA na bakteria wa utumboni

Mama aliyejifungua karibuni pale Kirumba, Mwanza, anapomnyonyesha mtoto maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano yaitwayo dang'a, humpa zaidi ya chakula. Maziwa hayo yana wingi wa kingamwili ya aina ya IgA, ambayo mtoto mchanga bado hawezi kujitengenezea ya kutosha. Wanaoyakamua na kuyamwaga kwa kuyadhania machafu humnyima kinga hiyo.

Kingamwili ni protini inayotengenezwa na seli za kinga ili kukitambua kijidudu au sumu fulani na kukishika. Aina nyingine hukaa zaidi katika damu, ilhali IgA hutolewa kwenye ute wa pua, mapafu na hasa utumbo, ambamo mtu mzima humwaga gramu kadhaa kila siku. Ndiyo maana ipo chanjo ya kunywa dhidi ya kipindupindu, ugonjwa unaofahamika vyema mwambaoni mwa Ziwa Victoria: huamsha kinga palepale bakteria anapotua.

Hata hivyo, utumboni hawamo maadui pekee. Wamo matrilioni ya bakteria wakazi, ambao pamoja na vijidudu wengine huitwa mikrobiomu, na wengi wao huvunja nyuzinyuzi za vyakula tusizoweza kuzimeng'enya wenyewe. Je, IgA huwatendaje hawa? Mwaka 2014, Noah Palm, Richard Flavell na wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwatenga bakteria wa kinyesi cha wagonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo kwa kuangalia nani amefunikwa na IgA kwa wingi na nani hakufunikwa. Panya waliolelewa bila vijidudu vyovyote, wakapandikizwa bakteria waliofunikwa na kisha kupewa kemikali ya kuchokoza utumbo, waliugua vikali kuliko wenzao waliopandikizwa bakteria wasiofunikwa.

Ungedhani basi kwamba kufunikwa ni alama ya ubaya. Lakini mwaka 2018 kundi la Sarkis Mazmanian, huko California, lilionyesha katika panya kwamba Bacteroides fragilis, mkazi wa kawaida wa utumbo, hurekebisha gamba lake la sukari ili IgA imshike, na kwa kushikwa huko hupata makao ya kudumu katika ute. Naona utafiti huu wa pili ndio mzito zaidi, kwa kuwa unaonyesha kinga ikimkaribisha kijidudu badala ya kumfukuza.

Wapo watu wanaozaliwa bila uwezo wa kutengeneza IgA ya kutosha. Baadhi huugua mara kwa mara mafua, mapafu au tumbo, lakini wengi huishi bila dalili yoyote, pengine kwa sababu kingamwili nyingine, IgM, huziba sehemu ya pengo hilo.