Base64 haifichi kitu

Wiki hii tena kijana wa Ngamiani, hapa Tanga, kaniletea mfumo wake wa tiketi za mabasi. "Kaka, nywila zote ziko salama, Kubernetes imeshazificha." Kubernetes ndiyo inayoendesha programu yake kwenye seva. Nikamwomba afungue faili la YAML, yaani la mipangilio. Penye nywila ya hifadhidata paliandikwa dGFuZ2E=. Nikaandika echo dGFuZ2E= | base64 -d, terminali ikajibu: tanga.

Base64 ni namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida tu. Haina ufunguo, basi haifichi chochote. Na usipowasha usimbaji fiche mwenyewe, Kubernetes huiweka Secret (kifurushi chake cha siri) hivyo hivyo ndani ya etcd, hifadhidata yake yenyewe. Mwenye nakala ya etcd anazo siri zote.

"Basi nahamia AWS Secrets Manager." Hamia, ni vizuri; ni huduma ya Amazon ya kutunza siri kwenye wingu. Kule siri inasimbwa, kila anayeisoma anaandikwa CloudTrail (daftari la AWS la nani kafanya nini), na podi, yaani kontena zinazoendesha programu yako, ikipewa utambulisho wake wa IAM (mfumo wa ruhusa wa AWS) huhitaji kuficha nywila nyingine ya kuichukulia ile ya kwanza. Swali ambalo watu wanalipita mbio ni hili: siri ikishatoka kwenye wingu, inatua wapi?

Wengi wanaitua kwenye vigeu vya mazingira, yaani thamani ambazo programu hupewa inapowashwa. Hapo kila mchakato unaozaliwa na programu unairithi. Mwenye ruhusa ya kusoma /proc/1/environ, ambako Linux huonyesha vigeu hivyo, anaiona. Programu ikianguka, maktaba ya kuripoti makosa inaweza kumwaga mazingira yote kwenye logi, na logi zinasomwa na watu ambao hawakuruhusiwa kuigusa siri hiyo hata siku moja. Halafu ukibadilisha nywila, podi inang'ang'ania ya zamani mpaka iwashwe upya.

Mimi hupachika siri kama faili ndani ya podi kwa Secrets Store CSI Driver, nyongeza ya Kubernetes ya kuleta siri kutoka nje. Linakaa kwenye kumbukumbu, si kwenye diski, na ukiwasha mzunguko wa siri (kuchukua upya siri iliyobadilishwa) linajisasisha. Ila programu nayo ilisome upya, na usitumie subPath (kupachika faili moja tu badala ya folda nzima), maana hapo halisasishwi.

Je, faili linatosha? Aliyeingia kwenye kontena kwa haki za programu atalisoma pia, na hapo hata mimi nasita kusema tofauti ni kubwa. Nalichagua kwa sababu ya logi: siri nyingi nilizoona zikivuja zilivujia huko, bila mvamizi yeyote.

Na .env, faili la nywila za programu, isiingie kwenye imeji (kifurushi kinachozaa kontena), tafadhali. Kuifuta baadaye kwa RUN rm hakukuokoi: tabaka la COPY, lililoiingiza, linabaki, na aliyevuta imeji analifungua. Kama umeshaisukuma imeji hiyo kwenye rejista, ghala la imeji, badilisha nywila leo, rejista utaisafisha baadaye.