Dubu-maji hufa, tena kirahisi

Watu humsema dubu-maji, mnyama mdogo mno wa miguu minane: "Hafi hata ukimchemsha." Haya, mchemshe. Dubu-maji aliye macho, anayetambaa majini, hafui dafu. Hata Ramazzottius varieornatus, spishi ya dubu-maji inayosifiwa kwa ugumu: waweke kwenye maji ya nyuzijoto 37 hivi kwa saa 24, nusu yao wamekwisha.

Anayestahimili ni kipipa, yaani mnyama yuleyule akiwa amenywea, miguu minane ameivuta ndani, mwili umebakiwa na maji kiduchu. Na kipipa hakitokei ghafla. Kuvumwani (vimea vidogo laini vya kijani) ya kwenye jiwe la mpaka wa shamba hukauka taratibu, kwa hiyo mnyama anapata nafasi ya kujikunja. Mwache kwenye kioo kitupu, ndani ya tone moja linalopigwa na feni, atakauka bapa, miguu imetapakaa. Mwongezee maji utakavyo, haamki. Wale wa Antaktika walioamka mwaka 2014 baada ya miaka 30? Walikuwa wamegandishwa, nyuzi 20 chini ya sifuri. Msinitajie hadithi za walioamka kwenye kuvumwani kavu ya kabatini.

Kuwapata si kazi. Bandua kipande cha kuvumwani cha ukubwa wa sarafu bila udongo mwingi, kitie kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki ukiwa na unyevu huotesha ukungu na oksijeni hupungua. Wanyama huvimba na kukakamaa, nawe unawamwaga ukidhani ni maiti, kumbe wangepata hewa mapema wangeamka. Loweka kwenye maji ya mvua tangu jioni hadi asubuhi, kamua, acha mashapo yatulie, kisha tazama kwa hadubini ya kukuza mara 20 hadi 40. Chini pawe peusi, mwanga utoke ubavuni. Mnyama wa nusu milimita, mwangavu kama kioo, ukimmulika kwa nguvu kutoka chini humwoni.

Umekosa? Usikimbilie kulaumu dawa za shamba. Fundo moja la kuvumwani hujaa dubu-maji, la jirani yake, kiganja kimoja tu kando, likawa tupu. Anayelinganisha upande uliopuliziwa na usiopuliziwa kwa mafundo matatu anapiga ramli. Kwa kumi nitamsikiliza, ila shingo upande.

Majina nayo! Orodha za zamani za dubu-maji zimejaa Macrobiotus hufelandi, jina lililobeba spishi kadhaa zinazofanana. Mara nyingi tofauti iko kwenye mapambo ya ganda la yai. Nisipoona mayai, naandika jina la jenasi tu, Macrobiotus, basi.