"Ni hatua tu, itapita": maswali na majibu kuhusu makuzi ya nafsi

Mimi ni muuguzi, na maneno hayo manne nayasikia karibu kila siku kwenye chumba cha ushauri nasaha. Kwa kawaida anayeyasema ni mzazi, na mwanawe ameketi pembeni, kimya, akiwa amecheleweshwa kuletwa kwa miezi mingi. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi.

Hizo hatua za makuzi ni nini?

Ni maelezo ya wanasaikolojia kuhusu jinsi akili na nafsi ya mtu inavyobadilika tangu anazaliwa hadi anazeeka. Jean Piaget alichunguza jinsi mtoto anavyofikiri, akaugawa ukuaji huo katika vipindi vinne. Erik Erikson, katika kitabu alichochapisha mwaka 1950, alieleza hatua nane zinazofika hadi uzeeni. Mtoto mchanga anajifunza kumwamini anayemlea. Kijana anatafuta kujua yeye ni nani. Mtu wa makamo anataka kuacha kitu kwa wanaomfuata, na mzee anayapitia maisha yake aone kama yalikuwa na maana. Umri unaotajwa kwa kila hatua ni wa kukadiria, kwa hiyo usimpime mwanao kwa rula.

Kama ujana una mgogoro wake, si ni vizuri nisubiri upite?

Hapana. Mgogoro aliousema Erikson ni njia panda: mahali ambapo mtu lazima ageuke upande mmoja au mwingine. Hakusema ukae pembeni ungoje. Tena yeye mwenyewe alieleza kwamba maneno "mgogoro wa utambulisho", yaani kutojua wewe ni nani, yalianza kutumika kliniki, kwa wanajeshi wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia waliokuwa wamepoteza hisia ya kuwa wao ni wale wale wa jana. Yaani maneno mnayoyatumia kunieleza kwamba mtoto haumwi yalianza kwa watu waliokuwa wanatibiwa.

Na tulisikilize neno lenyewe. Hatua ni mguu unaoinuka na kutua mbele. Mtoto anayebadilisha mavazi, marafiki na misimamo anatembea, hata kama anakuudhi. Aliyeacha kila kitu na kujifungia amesimama. Huyo hayuko kwenye hatua, na ndiye ninayetaka mniletee.

Mbona nyinyi mnasema msumbufu anaweza kuwa mzima kuliko mtulivu?

Kwa sababu ndivyo ilivyo mara nyingi. Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia alieleza hali nne ambazo kijana anaweza kuwa nazo katika kujitafuta. Yupo aliyetafuta akapata msimamo wake. Yupo ambaye bado anatafuta: leo anataka kuwa mwanasheria, kesho mchoraji, na kila jibu lako linazaa swali. Yupo aliyepokea uamuzi wa wazazi bila kuuhoji hata siku moja. Na yupo ambaye hatafuti wala hana msimamo.

Wazazi wananiletea yule anayetafuta kwa sababu anabishana mezani. Aliyepokea kila kitu wanamsifu, na mara nyingi maswali yake yanakuja baadaye, akiwa ameshaoa au ameshaajiriwa. Yule wa nne, asiye na hamu ya lolote, wanamwacha nyumbani amelala kwa kuwa "hana shida na mtu". Hali hiyo peke yake si ugonjwa. Lakini hamu ikizimika kwa mtoto aliyekuwa nayo, usiite utulivu.

Lakini vijana wote si wana misukosuko?

Picha hiyo ni ya zamani. Mwanasaikolojia G. Stanley Hall aliandika mwaka 1904 kwamba ujana ni kipindi cha dhoruba, na picha hiyo ikatuganda. Tafiti za baadaye, zikiwemo za Daniel Offer huko Marekani, zilionyesha kuwa vijana wengi wanavuka umri huo bila mtikisiko mkubwa. Kwa hiyo ukiona dhoruba kweli, usijifariji kwamba ni kawaida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Darasa moja la kawaida lina kadhaa.

Nitatofautisha vipi hatua na ugonjwa?

Angalia muda, na angalia alichoacha. Huzuni au hasira inayodumu karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na kupoteza hamu ya vitu alivyovipenda, inaweza kuwa sonona. Ongeza usingizi uliovurugika, chakula kinachomshinda, masomo yanayoporomoka, kujitenga na marafiki wote, kujiona hafai. Kwa vijana sonona hujificha ndani ya hasira, ndiyo maana inaitwa utovu wa nidhamu na inapewa adhabu.

Wiki mbili. Si muhula mmoja, wala si mpaka mitihani iishe. Na akitaja kufa au akijidhuru, usihesabu hata siku moja: mpeleke leo.

Nakumbuka binti wa miaka 16 ambaye mama yake alijibu kila swali nililomuuliza yeye. "Ni balehe, muuguzi, hata mimi nilikuwa hivyo." Binti alikuwa anavuta mkono wa sweta mpaka ufunike vidole, akiuachia, anauvuta tena. Nilimwomba mama atupishe kidogo. Mlango ulipofungwa, binti alikunja mkono ule bila kuambiwa, akanionyesha. Alama nyingine zilikuwa za mwaka uliopita.

Nikimuuliza kama anafikiria kujiua, si nitamtia wazo hilo?

Hapana. Hapana tena. Kuuliza moja kwa moja, kwa upole, hakupandi wazo kichwani mwa mtu. Mara nyingi kunamtua mzigo aliokuwa anaubeba peke yake. Muulize kwa maneno ya wazi: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Kisha nyamaza usikilize. Akisema ndiyo, usimkaripie, usimhutubie, usimwache peke yake. Ondoa dawa, sumu na vitu vyenye ncha kali karibu naye, na mwende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Baba yangu ana miaka 72, ameacha kuzungumza na hataki kula. Si uzee huo?

Haya ni maneno yale yale yamehamia kwa mzee. Erikson alisema mzee anayapitia maisha yake, na njia panda yake ni kuyakubali au kukata tamaa. Kuyapitia kunaweza kuleta majonzi. Lakini sonona si sehemu ya kawaida ya kuzeeka, na inatibika hata katika umri huo. Mlete, tumpime na mwili pia, maana maradhi ya mwili na hata dawa anazotumia zinaweza kumbadilisha mtu hivyo.

Mwanangu anakataa kuja. Nifanye nini?

Njoo wewe kwanza, tupange namna ya kumfikia. Usimdanganye kwamba mnakwenda kwingine, kwani akifika hapa kwa hila hatanifungulia mdomo. Mwambie ulichokiona kwa macho yako bila kumpa jina la ugonjwa: "Naona mwezi huu hujagusa mpira wako, na usiku nasikia uko macho." Mpe achague siku, au nani amsindikize. Na ukifika naye, mwache ajibu mwenyewe.