Krismasi ya Huku Magharibi mwa Kenya: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Biblia haitaji tarehe, kwa hiyo Krismasi ni sikukuu ya kipagani."

Tarehe kweli haimo. Lakini kufikia mwaka 336 Wakristo wa Roma walikuwa tayari wakiadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba. Wapo wasomi wanaoihusisha siku hiyo na sherehe ya Kirumi ya jua. Wengine wanasema ilihesabiwa miezi tisa kutoka 25 Machi, siku iliyoaminiwa kuwa ndiyo Mariamu alichukua mimba. Vyovyote iwavyo, anayeimba kanisani Kakamega asubuhi hiyo haabudu jua. Na jirani Msabato asiyeiadhimisha asisimangwe: katika Warumi 14 Paulo anamwachia kila mtu suala la siku kati yake na Bwana.

"Bila nguo mpya, kuku na nauli ya kwenda nyumbani, huna Krismasi."

Hii ndiyo inayoumiza watu wetu kuliko zote. Wiki ya Krismasi nauli ya kutoka Nairobi kuja Kisumu, Kakamega au Busia hupanda, mara nyingine maradufu. Watu hukopa kwa simu ili wasionekane wameshindwa na maisha, na Januari karo inawangoja mlangoni. Wengine hubaki mjini wamezima simu, kwa aibu ya kurudi kwa wazazi mikono mitupu. Mtoto wa mtu anajificha asionekane na mamake siku ya kuzaliwa Mwokozi!

Hebu tusome Luka 2:24. Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni, sadaka inayotajwa ni hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Sheria, katika Walawi 12, ilitaka mwanakondoo. Ndege waliruhusiwa kwa mama asiyemudu mwanakondoo. Familia alimozaliwa Yesu ilikuwa ya watu wa kipato kidogo, na haikuona haya kwenda mbele za Mungu na ilichokuwa nacho. Basi mzazi aliye Vihiga au Bungoma ampigie mwanawe simu mapema, Novemba hata, amwambie waziwazi: njoo, hata bila kitu. Na sisi tulio mezani tuache kumuuliza mgeni ametuletea nini.

"Kupika na kula sana ni kumsahau Yesu."

Sivyo. Yesu mwenyewe alikwenda arusini Kana, na watu walimlaumu kwa kula na wenye dhambi. Kuku wa kienyeji na ugali mezani kwa Mluhya ni heshima kwa mgeni, na heshima hiyo si adui wa imani. Ninachouliza ni nani ameitwa. Katika Luka 14 Yesu anasema ukifanya karamu uwaite maskini, vilema na vipofu, wasioweza kukulipa. Kama mjane wa boma la pili anasikia harufu tu ya chapati zetu, hapo ndipo tumemwacha Yesu nje, hata kama tulikesha kanisani.

"Mamajusi watatu walifika horini usiku ule."

Hawa ni wale wataalamu wa nyota kutoka mashariki. Mathayo hataji idadi yao, anataja zawadi tatu, na anasema waliingia nyumbani. Waliofika horini ni wachungaji. Watoto wa Sunday School waendelee na igizo lao, ila waambiwe pia ukweli huu.

"Krismasi ni tarehe 25, ikipita imepita."

Makanisa yanayofuata kalenda ya liturujia, kama Katoliki na Anglikana, hujiandaa tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani majuma ya kuingojea Krismasi, na msimu wa Krismasi huendelea angalau hadi Epifania, sikukuu ya kukumbuka kuja kwa mamajusi, Januari 6 kwa desturi. Kwa hiyo muuguzi au bawabu wa Nakuru aliyepangiwa zamu siku yenyewe hajakosa kitu. Apande gari tarehe 28, wakati nauli ya kuja huku mara nyingi imeshuka, na nyumbani wamwekee sahani, wamsomee Luka 2 na kumwimbia kama walivyoimba siku ile. Bado ni Krismasi.