Neno la mwalimu lifike kabla ya kidato cha tatu

Shule nyingi za sekondari Tanzania huzungumzia kazi na vyuo wanafunzi wakiwa kidato cha nne, wakati Selform, fomu za kuchagua masomo ya kidato cha tano au vyuo, ziko mezani. Hapo tumechelewa. Uamuzi mzito hufanyika mwisho wa kidato cha pili, mwanafunzi anapobaki na fizikia na kemia au kuziacha. Binti mwenye mkono mtulivu wa maabara akiiacha fizikia kwa kuwafuata rafiki zake, udaktari, utabibu na uhandisi vimeshamponyoka, na huenda hakuna aliyemwambia. Walimu wenzangu, kazi hii tuianze kidato cha kwanza.

Hotuba ya paredi haimsukumi mtoto. Kinachomsukuma ni sentensi moja yenye ushahidi. "Hongera, una akili" haimwambii kitu. Andika daftarini mwake ulichokiona: "Umesoma silinda ya kupimia kwa usawa wa jicho, ukarudia mara tatu, ukatoa wastani. Fundi sanifu wa maabara ya ujenzi hupima udongo wa barabara kwa uangalifu huu huu." Sasa ana jambo alilolifanya mwenyewe, na ana jina la kazi ambayo pengine hakuwahi kuisikia nyumbani.

Darasa la watoto 60 halikai kichwani, na watakaoonekana ni wanaonyoosha mikono tu. Tenga daftari dogo: jina, tarehe, ulichoona, mstari mmoja. Watoto watano kwa wiki, na ndani ya wiki 12 darasa zima limepita. Wale wakimya ndio daftari hili linawafaa zaidi.

Kisha zungumza na kila mmoja dakika kumi, faragha. Usimuulize anataka kuwa nani, maana jibu litakuwa daktari, mwanasheria au rubani. Ndizo kazi anazozijua. Muulize ni kazi gani ya darasani huifanya bila kusukumwa, na wenzake humfuata awasaidie nini.

Sehemu inayohitaji umakini mkubwa ni kusoma masharti kinyumenyume. Pakua miongozo ya udahili ya TCU (tume ya vyuo vikuu) na NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi), anzia kwenye kozi, rudi hadi masomo ya leo. Chukua udaktari wa binadamu: unadai fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha sita. Mwanafunzi wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia) hana fizikia, kwa hiyo hata akipata A tatu mlango huo haufunguki kwake, ingawa kilimo na mazingira vinamngoja. Kila mwaka wapo wanaoligundua hili baada ya matokeo ya kidato cha sita, na linaumiza. Mwoneshe na njia ya pili: ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, yakiwemo hayo matatu ya sayansi, unamfikisha kwenye diploma ya utabibu ya miaka mitatu, na diploma yenye GPA (wastani wa alama) nzuri inaweza kumrudisha chuo kikuu. Aliyekosa kidato cha tano akiijua njia hii mapema, hakati tamaa.

Makosa? Kubwa ni mwalimu kumvutia mtoto kwenye somo lake mwenyewe. Mwalimu wa historia akiona mtoto anapenda kufungua redio mbovu, ampeleke kwa mwalimu wa fizikia na amtajie vyuo vya ufundi stadi vya VETA bila kuifanya ionekane adhabu ya waliofeli. Jingine ni kuahidi mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Mkopo una vigezo vyake na mwalimu havigawi. Na mgeni wa kuzungumza na darasa asiwe mkurugenzi. Mtafute kijana mwenye miaka michache kazini, aliyesoma shule kama hiyo, aje na kifaa chake cha kazi. Azungumze dakika kumi, muda uliobaki uwe wa maswali.

Mzazi aitwe kabla Selform haijajazwa, mwanafunzi akiwepo. Mpe karatasi moja yenye kozi mbili, miaka ya kila moja na ada zake, kwani baba au mama hubishana kidogo na takwimu kuliko na ndoto.

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule na vyuo, hufungua kwa muda mfupi mfumo wa kubadili vyuo na tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano. Wakati huo wanafunzi wako majumbani, wengine hawana intaneti. Kabla hawajaondoka shuleni, chukua namba ya simu ya kila mzazi na uhakikishe kila mmoja ameandika namba yake ya mtihani. Mfumo ukifunguliwa, anza kuwapigia wale ambao alama zao hazilingani na walichojaza.