Ovahoo haiongezi farasi: dhana potofu kuhusu injini ndogo za magari ya zamani

“Fundi, hela yote hii nimetoa, injini ni mpya kabisa, mbona gari bado zito mlimani?” Swali hili nimeulizwa tena wiki hii, na mwenye gari alikuwa na uchungu wa kweli. Gari lake ni Mini ya cc 998 (ujazo wa silinda zote kwa pamoja). Silinda zimechongwa, pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya, moshi hakuna, oili haipungui. Akilini mwake alikuwa na nguvu farasi 60. Mini hiyo ilitoka kiwandani na 38.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba injini ikifunguliwa na kufungwa upya (ndiyo ovahoo) inakuwa na nguvu kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza. Haiwi. Ovahoo inarudisha mgandamizo uliokuwa ukivuja kwenye ringi na valvu, inarudisha presha ya oili, inanyamazisha kelele za beringi. Kazi ikifanyika vizuri sana, unarudi kwenye ile 38. Kama ulizoea injini iliyochoka, tofauti utaiona, ila umerudishiwa kilichopotea, hujaongezewa.

“Lakini silinda si zimechongwa? Injini si imekuwa kubwa?” Haya, tupige hesabu. Kipenyo cha silinda za Mini hiyo ni milimita 64.58, na pistoni husafiri milimita 76.2. Ukichonga kwa nusu milimita na kuweka pistoni za ovasaizi, cc 998 zinakuwa 1,014. Hiyo ni ongezeko la asilimia moja na nusu hivi. Kwenye farasi 38, haifiki hata farasi mmoja. Silinda huchongwa ili ziwe duara tena na ringi zikae, basi.

Nguvu inatokana na hewa: injini inavuta kiasi gani kila mzunguko, na inazunguka kasi gani bila kuishiwa pumzi. Mfano mzuri uko kwenye ukoo huohuo. Mwaka 1964 Mini Cooper ilipewa injini ya cc 998 yenye kipenyo kilekile na mwendo uleule wa pistoni, ikatoa farasi 55. Farasi 17 za ziada zilitoka kwenye silinda hedi yenye njia pana, valvu kubwa, kamshafti (mhimili wenye nundu zinazofungua valvu) tofauti, mgandamizo wa juu na kabureta (kichanganya mafuta na hewa) mbili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuja ndani ya kifurushi cha ringi na gasketi. Ukitaka farasi za Cooper, sema mapema, kabla sijaanza kufunga.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Watu wengi hawapati hata ile 38, kwa sababu wanatengeneza sehemu ya chini ya injini (silinda, pistoni na beringi) kwa pesa nyingi kisha wanairudishia kamshafti ya zamani, kabureta ya zamani na distributa (kigawa moto wa plagi) ya zamani. Niliwahi kuletewa injini iliyofungwa na fundi mwingine, safi kwa macho, mgandamizo sawa silinda zote nne, lakini haina nguvu. Nilitoa kifuniko cha valvu, nikaweka saa ya kupimia juu ya kila valvu na kuzungusha injini kwa mkono. Valvu mbili zilikuwa zinafunguka pungufu ya nyingine kwa zaidi ya milimita moja. Nundu za kamshafti zilikuwa zimelika. Pistoni mpya kabisa zilikuwa zinavuta hewa kupitia mlango ulioachwa nusu wazi! Pima kamshafti kila mara, na ukiibadilisha usirudishe tapeti (vipande vinavyosukumwa na nundu) za zamani, zitaila ile mpya.

Halafu distributa. Zile springi na vizito vya ndani vinavyowahisha moto injini ikishika kasi hukwama kwa kutu na grisi iliyokauka. Taiming (wakati wa plagi kuwasha) inaonekana sawa gari likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa, ukikanyaga hakuna kitu. Na kabla ya yote, mwambie mtu akanyage mafuta mpaka mwisho injini ikiwa imezimwa, wewe uchungulie kabureta. Nimekuta kipepeo, kile kibati cha kupitisha hewa ndani ya kabureta, kinafunguka robo tatu tu kwa sababu ya kapeti nene chini ya pedali.

Kuhusu namba zenyewe: Volkswagen Beetle ya 1600 iliandikwa farasi 60 kwa kipimo cha zamani cha Marekani, na 50 kwa kipimo cha Ujerumani. Injini ni moja. Kipimo cha kwanza kilichukuliwa injini ikiwa imevuliwa mizigo yake mingi, cha pili ikiwa kama ilivyo ndani ya gari. Usichanganye. Tena namba za kitabu hupimwa kwenye injini. Ukipimia kwenye magurudumu, gia na ekseli zimeshakula kati ya asilimia 10 na 20. Na zile 38 za Mini hupatikana kwenye mizunguko 5,250 kwa dakika. Anayebadilisha gia akifika 3,000 hajawahi kuzigusa.

Kabureta kubwa kwenye injini ya kawaida? Hewa inapita polepole, mafuta hayachanganyiki vizuri, gari linakuwa zito zaidi chini. Ekzosi pana peke yake inaongeza kelele.

Anayeishi nyanda za juu atoe takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Hewa ni nyepesi huko, na hakuna fundi wa kuirekebisha.

Mwisho, hili la “endesha polepole kama unabeba mayai kwa kilomita elfu moja.” Ringi hukaa kwa kusukumwa na presha ya moto dhidi ya ukuta wa silinda. Ukilibembeleza gari, ukuta unang'aa kama kioo, na mgandamizo uliolipia haurudi. Injini ikishapata moto, panda vilima kwa gia inayofaa, kanyaga kiasi, achia, kanyaga tena; usiiache sailensi muda mrefu wala usishike kasi moja. Mwaga oili ya kwanza mapema, ukifika kilomita 500 hivi, na siku hiyohiyo pima tena nafasi za valvu.